Beara si mandhari tu
Mwandishi wa makala niliyoisoma ameisifia Rasi ya Beara, kusini-magharibi mwa Ayalandi, kwa milima yake na barabara nyembamba. Sawa. Lakini unapitaje kijiji cha Allihies, kilichoko kwenye rasi hiyo, bila kutaja shaba? Familia ya Puxley ilifungua migodi pale mwaka 1812, ikaleta mafundi kutoka Cornwall, Uingereza. Wenyeji wakaachiwa kazi za sulubu na ujira kiduchu. Migodi ilipodorora, wengi walihamia Butte, Montana, Marekani, kuchimba shaba ileile kwa tajiri mwingine! Jengo la mawe la injini ya mgodi, na dohani yake, bado limesimama mlimani. Siku hizi riziki iko bandarini Castletownbere, kwenye meli za uvuvi, na kwa wafuga kondoo. Watalii ni wa kiangazi tu, jamani.