Pembeni Kupi?

Kila asubuhi ninapotoka Ihumwa kuelekea mjini Dodoma kwa baiskeli, nikishika kushoto kama sheria inavyotaka, hupigiwa honi na madereva wanaodhani kuwa barabara ni ya wenye injini peke yao. Juzi daladala ilinipita karibu kiasi kwamba kioo chake cha pembeni kiligusa usukani wangu, kisha ikasimama ghafla mbele yangu kupakia abiria, nami nikaishia mchangani na dumu langu la maziwa. Kondakta, badala ya kunipa pole, akaniuliza kwa nini sipiti pembeni; pembeni kupi, ilhali bodaboda zimeegeshwa huko? Wapo wenzetu wanaobeba magunia ya mkaa usiku bila taa, na hao siwatetei hata kidogo. Lakini mimi nilikuwa mchana kweupe, tena nimevaa fulana ya kuakisi mwanga.