Zana ya maamuzi itoe jibu au itoe hoja?

Kila anayebuni zana ya kidijitali ya kumsaidia mhudumu wa afya au mkulima kufanya uamuzi hukutana mapema na swali ambalo wengi hulipita bila kulijibu. Je, zana imwambie mtumiaji la kufanya, kwamba mtoto huyu apewe dawa au shamba hili lipuliziwe leo, au imwonyeshe hali ilivyo pamoja na hasara iliyopo kila upande, kisha imwachie akate shauri mwenyewe? Kwa haraka swali hili hudhaniwa kuwa la mpangilio wa skrini tu. Kwa kweli ndilo linaloamua taarifa zipi zikusanywe, nani ashirikishwe katika usanifu, na kama zana itakuwa bado inafunguliwa baada ya misimu miwili. Sekta ya afya na sekta ya kilimo zimelijibu kwa njia mbili zinazokaribia kupingana, na naona kila moja imekosa kujifunza kwa mwenzake.

Wanaotetea jibu la moja kwa moja hawasemi kwa kubahatisha. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha mapitio ya tafiti 70 kuhusu mifumo ya kusaidia maamuzi ya tiba. Waandishi walitafuta sifa zinazotofautisha mifumo iliyofaulu na ile iliyoshindwa, wakapata nne: ushauri unaojitokeza wenyewe katika mtiririko wa kazi bila kutafutwa, unaotolewa mahali na wakati uamuzi unapofanyika, unaopendekeza hatua badala ya kueleza hali tu, na unaotolewa na kompyuta. Kati ya mifumo 32 iliyokuwa na sifa zote nne, 30 iliboresha huduma kwa kiwango kinachopimika. Sifa ya tatu ndiyo inayogusa swali letu, maana inasema kwamba kumweleza daktari hali ya mgonjwa hakutoshi, apewe pendekezo.

Mfano wenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni jaribio lililofanyika Dar es Salaam kwa watoto wa chini ya miaka 5 wenye homa, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Mhudumu aliongozwa na kompyuta ndogo ya mkononi hatua kwa hatua, kuanzia dalili za hatari hadi vipimo vichache vya haraka, na mwishoni alipewa pendekezo la tiba. Watoto walioandikiwa viuavijasumu walikuwa takriban asilimia 11, wakati zana ya awali iliyolinganishwa nayo ilifikia takriban asilimia 30 na huduma ya kawaida takriban asilimia 95. Idadi ya watoto ambao hawakupata nafuu haikupanda. Ilipungua kutoka asilimia 4.1 ya zana ya awali hadi asilimia 2.3. Mhudumu anayeona wagonjwa wengi kwa siku, akiwa na dakika chache kwa kila mmoja, hana nafasi ya kupima uwezekano wa magonjwa 20 kichwani, na zana iliyomchukulia hivyo ilimtendea haki, na mtoto pia.

Hata hivyo, mafanikio hayo yalikuwa na masharti ambayo husahaulika pale mfano unapohamishwa. Tayari palikuwapo mwongozo uliokubalika, uliotokana na utaratibu wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kutibu magonjwa ya watoto kwa pamoja, ambao kabla ya kompyuta ulikuwa chati za karatasi. Uamuzi wenyewe ulijirudia kila siku kwa sura ileile. Vipimo vilikuwa mezani, kwa hiyo pendekezo lilisimama juu ya kitu kilichopimwa mbele ya mgonjwa. Masharti hayo yakiondolewa, jibu la moja kwa moja hugeuka kelele. Mapitio ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba tahadhari za usalama wa dawa katika mifumo ya hospitali zilipuuzwa kati ya asilimia 49 na 96. Mwaka 2021, mfumo mmoja wa kutabiri sepsisi (hali ya hatari ambapo mwili, ukipambana na maambukizi, huharibu viungo vyake wenyewe) uliokuwa umeenea katika hospitali za Marekani ulipopimwa na watafiti huru, ulikosa theluthi mbili ya wagonjwa waliokuwa na tatizo hilo, huku ukitoa tahadhari kwa asilimia 18 ya wote waliolazwa. Muuguzi aliyezoea king'ora kinacholia bila sababu hana kosa akiacha kukisikiliza.

Upo pia ushahidi wa zamani ambao naona haujapewa uzito unaostahili. Huko Leeds, Uingereza, mwaka 1972, daktari F. T. de Dombal na wenzake walichapisha matokeo ya mfumo wa kompyuta wa kutambua chanzo cha maumivu makali ya tumbo. Kwa wagonjwa 304, kompyuta ilipata jibu sahihi kwa asilimia 91.8, na daktari mwandamizi kabisa katika kikundi kwa asilimia 79.6. Takwimu hizo ndizo zilizopata umaarufu. Ripoti yao ya mwaka 1974 ilikuwa na jambo la kina zaidi: madaktari wenyewe, wakiwa bado wanafanya uamuzi wao, waliboreka katika kipindi ambacho walijaza fomu yenye mpangilio na kurudishiwa matokeo ya wagonjwa wao, na jaribio lilipokwisha walirudi taratibu walikotoka. Nasoma habari hiyo kama ushahidi kwamba sehemu kubwa ya faida haikutoka kwenye jibu la mashine. Ilitoka kwenye nidhamu ya kuuliza maswali yaleyale kwa kila mgonjwa na kujua baadaye ulipokosea. Zana nyingi za leo zina jibu, lakini hazina njia ya kumrudishia mtumiaji habari ya kilichotokea baada ya hapo.

Tukigeukia kilimo, mizani inainama upande wa pili. Mkulima hafanyi uamuzi kwa ajili ya mtu mwingine chini ya mwongozo wa taaluma. Anaamua juu ya fedha zake, nguvu kazi yake na msimu ambao ukipita haurudi. Pendekezo la kuweka mbolea wiki hii linaweza kuwa sahihi kabisa kwa upande wa mmea na likawa kosa kwake, kwa sababu deni lake linaiva kabla ya mavuno au kwa sababu vibarua hawapatikani. Mambo hayo hayamo katika modeli yoyote ya udongo na mvua, yaani hesabu za kompyuta zinazoiga hali halisi ya shamba. Ndiyo maana historia ya zana za kilimo imejaa programu zilizotengenezwa kwa ustadi na kuachwa.

Australia ina simulizi mbili zinazofaa kuangaliwa kwa utulivu. Ya kwanza ni SIRATAC, mfumo wa kompyuta wa miaka ya 1980 ulioshauri lini pamba ipuliziwe dawa kulingana na hesabu ya wadudu. Wakulima waliutumia, wakazoea kuhesabu wadudu na kusubiri hadi idadi ifike kiwango cha madhara, kisha wengi wakaona hawahitaji tena kuulipia. Kwa mwenye huduma hiyo ni hasara. Kwa mtu anayejali maamuzi mazuri, ni mojawapo ya matokeo bora ambayo zana inaweza kuyatamani, kwamba maarifa yametoka kwenye mashine na kukaa kwa mtu. Ya pili ni modeli ya mazao iitwayo APSIM, ambayo watafiti wake katika miaka ya 1990 waliona kwamba kutoa mapendekezo hakukuwa kukiwafikisha mbali. Walianza kupima udongo wa mashamba ya wakulima wenyewe, kisha wakaketi nao wakiiuliza modeli maswali ya wakulima: ingekuwaje ningepanda wiki mbili baadaye, ingekuwaje mvua ikiwa kama ya mwaka ule mbaya. Modeli iligeuka chombo cha mazungumzo, na kwa sura hiyo ilipata wasikilizaji.

Si kwamba agizo rahisi halina kazi shambani. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science, uliojumlisha majaribio ya kutuma ushauri wa kilimo kwa simu, ulipata ongezeko la mavuno la takriban asilimia 4. Ni kidogo kwa kila shamba, lakini ujumbe mfupi hugharimu kidogo sana pia, na palipokosekana afisa ugani kwa miaka mingi, kidogo hicho kina thamani. Ninachokataa ni kuchukua ujumbe huo mfupi kama kilele cha usanifu na kuacha kuuliza kama mkulima anaelewa sababu ya anachoshauriwa.

Hofu ya kuzoea jibu si ya kubuni. Utafiti uliofanyika Poland na kuchapishwa mwaka 2025 uliwafuatilia madaktari bingwa wanaochunguza utumbo mpana kwa kamera. Baada ya miezi michache ya kufanya kazi na akili mnemba inayowaonyesha vivimbe, kiwango chao cha kuviona pale walipofanya kazi bila msaada huo kilishuka kutoka asilimia 28.4 hadi 22.4. Utafiti mmoja wa aina hiyo haufungi mjadala, maana mambo mengine yanaweza kuwa yalibadilika katika hospitali hizo. Lakini ukiuweka kando ya wakulima wa pamba, unaona zana mbili zilizosaidia, moja ikiwaacha watu na uwezo zaidi na nyingine, yaelekea, ikiwapunguzia. Tofauti inayonijia ni kwamba mkulima alilazimika kuhesabu wadudu mwenyewe kabla ya kupewa ushauri, wakati daktari alionyeshwa kivimbe kabla jicho lake halijakitafuta. Mpangilio huo wa nani anaangalia kwanza ni uamuzi wa mbunifu, na karibu hauna gharama ukifanywa mapema.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba jibu la moja kwa moja lina haki ya kutolewa pale tu ambapo kuchelewa kunaua, hali zinajirudia, na zana imepima kilicho mbele yake. Dalili za hatari kwa mtoto mchanga zinaingia hapo bila ubishi. Uchaguzi wa zao hauingii, na sehemu kubwa ya matibabu ya magonjwa sugu haiingii pia, kwani mgonjwa wa kisukari anayepanga mlo na dawa za mwaka mzima anafanana zaidi na mkulima kuliko na mtoto aliyezimia. Hapo tiba ingefaidika sana na yale ambayo wataalamu wa modeli za mazao walijifunza kwa uchungu.

Popote zana inapotoa jibu, lazima pia iwe na uwezo wa kunyamaza. Mwaka 2016 watafiti waliofunza kompyuta kutambua magonjwa ya mimea kwa picha zaidi ya 54,000 walipata usahihi wa asilimia 99.35 kwa picha za aina ileile. Walipoijaribu kwa picha zilizopigwa katika mazingira tofauti, usahihi ulianguka hadi takriban asilimia 31. Mkulima anayeelekeza simu kwenye jani lenye vumbi na kivuli yuko katika asilimia hiyo ya pili. Zana ya uaminifu ingesema haijui. Lakini kunyamaza nako kunahitaji kusanifiwa. Thailand, katika kliniki zilizotumia akili mnemba kuchunguza macho ya wagonjwa wa kisukari, mfumo ulikataa asilimia 21 ya picha kati ya 1,838 kwa kutokuwa na ubora wa kutosha. Kwa upande wa usalama ulikuwa sahihi, ila mgonjwa ambaye picha yake ilikataliwa alielekezwa kwa mtaalamu mahali pengine, siku nyingine, hata pale muuguzi alipoona kwa macho yake kwamba sehemu kubwa ya picha ilisomeka.

Limebaki suala la muda, ambalo wafadhili wa miradi mifupi hawapendi kuliuliza. Uingereza ilitumia tangu mwaka 1956 kanuni moja ya kuonya kuhusu bakajani chelewa ya viazi, ugonjwa unaoozesha majani na viazi vyenyewe: siku mbili mfululizo zenye joto lisilopungua nyuzi 10, na katika kila siku angalau saa 11 za unyevu hewani wa asilimia 90 au zaidi. Mwaka 2017 kanuni hiyo ilibadilishwa, saa 11 zikawa 6, baada ya utafiti kuonyesha kwamba ugonjwa ulikuwa ukitokea hata pale masharti ya zamani hayakutimia. Badiliko hilo huleta tahadhari nyingi zaidi, na pengine dawa nyingi zaidi shambani. Mkulima ambaye zana yake humwandikia "puliza" peke yake angeona ushauri umeongezeka bila kujua kwa nini. Yule ambaye zana yake humwonyesha saa za unyevu zilizohesabiwa pamoja na kiwango kinachotumika angeona kwamba ni kiwango kilichoshushwa na si hali ya hewa iliyobadilika, na angeweza kuamua, kwa shamba lake na kwa aina ya viazi alivyopanda, kama usiku wenye saa 7 za unyevu unastahili gharama ya dawa.