Uzamili wa biolojia Nairobi: nani atanunua vitendanishi?

Anayemaliza shahada ya kwanza ya biolojia Nairobi na kutaka kuwa mtafiti ana njia mbili. Anaweza kujisajili chuoni akiwa na mada yake na kujigharamia, au kuingia kwenye mradi wa taasisi ambayo tayari ina fedha, kama ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo kule Kabete, au icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kule Kasarani. Hii ya pili si ngeni: icipe, iliyoasisiwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, imelea wanafunzi wa uzamivu chini ya ARPPIS, mpango wa kikanda wa masomo ya sayansi ya wadudu, tangu 1983, shahada zikitolewa na vyuo vikuu.

Mwenye mada yake ana uhuru, na uhuru huo si mdogo. Akitaka kujua kwa nini ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, inaua ndama wa kwao kuliko wa jirani, hakuna wa kumgeuzia swali. Shida ni kwamba wengi hupiga hesabu ya karo na kusahau ya maabara, hasa vitendanishi, yaani kemikali na vimeng'enya vya vipimo. Chukua sampuli 200 za damu. Kila moja ipimwe mara mbili kwa PCR, njia ya kunakili DNA ili ionekane: hayo ni majaribio 400. Bamba la kupimia lina vishimo 96, kila kimoja cha jaribio moja. Ukiacha 4 vya kudhibiti, vikiwemo visivyo na DNA ili kunasa uchafuzi, unahitaji mabamba 5, na hapo hakuna lililoharibika. Kimeng'enya hukaa nyuzi 20 chini ya sifuri, na RNA, nakala ya ujumbe wa jeni, nyuzi 80. Stima ikipotea usiku na jenereta isiwake, RNA iliyoyeyuka humeng'enyuka, na hairudi.

Asiye na akiba hawezi kurudia. Basi hupunguza sampuli hadi 60, takwimu zikakosa nguvu, na jarida likaikataa makala. Hapo ndipo anapokwama, kwa kuwa miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya 2014 inadai makala moja iliyochapishwa kwa uzamili na mbili kwa uzamivu.

Mradi wa taasisi huondoa mzigo huo, lakini una gharama zake. Swali ni la mwingine. Muda wa ruzuku ya miaka 3 hupungua haraka: pendekezo lipitishwe na chuo, kisha kamati ya maadili, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, na kwa wanyamapori kibali cha ziada. Kuna hatari nyingine inayonisikitisha zaidi: mwanafunzi hodari wa kupima jeni moja, asiyeweza kueleza mbele ya watahini kwa nini jeni hiyo na si nyingine.

Kwa uzamili, naona mradi wa taasisi ndio bora. Ni muda mfupi, na kinachohitajika hasa ni mikono iliyozoea maabara. Kwa uzamivu nasita, isipokuwa msimamizi akubali kwamba angalau sura moja ya tasnifu itajibu swali la mwanafunzi mwenyewe.

Kabla ya kulipa karo, pata majibu haya kwa maandishi: sampuli ngapi tayari ziko kwenye jokofu, vibali vya mradi vinaisha lini na jina lako limo, nani mwandishi wa kwanza wa kila makala, na nani atalipia usomaji wa mfuatano wa DNA ruzuku ikiisha kabla yako. Msimamizi asiyetaka kuandika jibu la hilo la mwisho, tafuta mwingine.