Ukuta wa bahari unamlinda nani?

Bahari inapoanza kula ardhi, kilio cha kwanza cha wakazi huwa kimoja: serikali ijenge ukuta. Kilio hicho kina haki yake. Barabara, shule, visima na makaburi ya wazee haviwezi kubebwa mgongoni kupelekwa bara. Dar es Salaam ilijenga ukuta kando ya Barabara ya Barack Obama, ukakamilika mwaka 2018, na sioni jinsi ambavyo barabara kuu ya katikati ya jiji ingeachwa ikaporomoka kwa kuogopa gharama.

Lakini ukuta huwa na matokeo mengine ambayo hayasemwi siku ya uzinduzi. Tazama kinachotokea chini yake. Kwenye ufukwe wenye mteremko mpole, wimbi hupanda taratibu, huishiwa nguvu na kuacha mchanga. Likigonga ukuta, hurudi na nguvu zake na kukomba mchanga wa chini. Msimu baada ya msimu ufukwe unashuka, msingi unaanza kuonekana, na mawe mengine yanaagizwa. Pale ukuta unapoishia, maji hupinda na kuchimba kwa jirani asiye na ukuta. Naye, bila shaka, ataomba wa kwake.

Hapa ndipo jambo linapogeuka kuwa la mali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 62, inataja eneo lililo kati ya alama za maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Fukwe zikiachwa zitembee zenyewe, eneo hilo nalo hurudi nyuma pamoja na bahari, na anayepoteza ni mwenye kiwanja. Ukijenga ukuta, mpaka wa kiwanja unabaki palepale huku bahari ikiendelea kusogea, na kinachozama ni ule ukanda wa wote: pa kuanika nyavu, pa kuvuta ngalawa, pa watoto kuogelea. Kwa hiyo kila ukuta unaojengwa mbele ya nyumba binafsi ni uamuzi kwamba hasara iende kwa umma. Huenda wakati mwingine uamuzi huo ni sahihi. Usifanywe tu kana kwamba ni kazi ya uhandisi peke yake.

Upande wa pili wanasema: basi tuhame. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ni kinga nzuri, ila mita hizo hupimwa kutoka kwenye mstari usiotulia. Nyumba iliyojengwa kihalali inaweza kujikuta ndani ya eneo la katazo bila mwenyewe kuongeza tofali hata moja. Kuhama nako kuna madhara yake. Kule Wales, mpango wa usimamizi wa pwani ulieleza kwamba kijiji cha Fairbourne hakitaendelea kulindwa kuanzia miaka ya 2050. Nyumba zilishuka thamani mara habari ilipoenea, miongo kadhaa kabla ya tarehe yenyewe. Serikali inayotangaza kuhama bila kutangaza fidia inawatwisha wakazi mzigo wote halafu inauita mpango.

Ukuta au kuhama: mjadala wa wengi huishia hapo, na mimi naona umeacha nusu ya tatizo. Mchanga mwingi wa fukwe hushuka na mito. Bwawa la Aswan nchini Misri lilipokamilika mwaka 1970, lilizuia tope na mchanga wa Nile, na ncha ya Rashid kwenye delta, iliyokuwa imeshaanza kuliwa, ikamegwa kwa kasi zaidi. Nchini Ghana, bwawa la Akosombo la mwaka 1965 liliukatia mto Volta mzigo wake wa mchanga, na mji wa Keta, ambao tayari ulikuwa unapigana na bahari, ukazidi kuumia. Huko Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, wataalamu wamehusisha kuliwa kwa ufukwe na uchimbaji wa mchanga katika vijito vinavyoingia baharini.

Siwezi kusema mabwawa hayo yasingejengwa. Yameleta umeme, na Aswan imeleta umwagiliaji na kukomesha mafuriko yaliyoangamiza mazao. Mchanga wa vijitoni nao umejenga nyumba za watu. Ninachokikataa ni hesabu nusu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya Tanzania ya mwaka 2009 inasema maji ni ya umma, yako chini ya Rais kama mdhamini wa wananchi. Mdhamini wa maji awe pia mdhamini wa kile maji yanachobeba, la sivyo ofisi moja inatoa kibali mtoni na nyingine inatafuta pesa za ukuta baharini.

Uholanzi wamejaribu njia ya tatu. Tangu mwaka 1990 sera yao ni kuushikilia mstari wa pwani, hasa kwa kuulisha mchanga, na mwaka 2011 walimwaga takriban mita za ujazo milioni 21 karibu na The Hague ili mawimbi na upepo viusambaze. Ufukwe unabaki wa wote. Lakini kazi hiyo haifanywi mara moja tu, hurudiwa daima, na inataka meli za kuchimba pamoja na bajeti isiyokatika. Nchi nyingi hazina hivyo.

Kwa nchi hizo, ningeanza na vibali. Anayetaka bwawa au machimbo ya mchanga aeleze kwa maandishi pwani ipi itapungukiwa na kwa kiasi gani, na achangie mfuko wa kuilinda na kuwafidia watakaohamishwa. Mita 60 zipimwe upya kila baada ya miaka michache, na ramani ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji. Kuta za fedha za umma zibaki kwa barabara, bandari, hospitali na makazi yenye watu wengi. Anayeomba ukuta mbele ya kiwanja chake aonyeshe kwanza mvuvi atapita wapi maji yakijaa.