Mtama wa Bia na Hasara Isiyo na Mwenyewe

Siku hizi hakuna mkutano wa kilimo unaomalizika bila mtu kutaja ushirikiano na sekta binafsi. Waziri anautaja, gavana anautaja, mfadhili anapiga makofi, kisha watu wanapanga foleni ya chakula. Sina ugomvi na ushirikiano wenyewe. Kiwanda chenye soko, mtafiti mwenye mbegu na mkulima mwenye shamba wakikutana, mengi yanawezekana. Ninachokosa kusikia ni swali ambalo mkulima yeyote angeuliza kabla ya kushika jembe: mambo yakienda mrama, nani atalipa?

Nitazungumzia mtama, kwa sababu hapa Kenya ndio mfano unaosifiwa kila mara.

Mwaka 2004 East African Breweries walianza kuuza Senator, bia ya pipa ya bei nafuu. Hoja iliyotolewa ilikuwa kumvuta mnywaji maskini atoke kwenye pombe haramu, na hoja hiyo ilikuwa na uzito: Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa Nairobi baada ya kunywa kumi kumi yenye methanoli. Serikali ikaisamehe bia hiyo ushuru ili bei yake ibaki chini. Baadaye kiwanda kikaanza kuipika kwa mtama. Shayiri inataka nyanda za juu zenye baridi, lakini mtama unakubali Makueni, Kitui na Tharaka Nithi, ambako mahindi hunyauka mwaka baada ya mwaka na watu bado wanayapanda.

Mbegu ilikuwapo tayari. Watafiti wa KARI, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo ambayo leo ni KALRO, walikuwa na Gadam, mtama mfupi wenye asili ya Sudan unaokomaa kwa takriban miezi mitatu. Punje zake ni nyeupe na zina tanini kidogo, ile kemikali ya asili yenye uchungu, kwa hiyo haziharibu ladha ya bia. Zao lililoonekana kuwa chakula cha mwaka wa njaa likapata mnunuzi mwenye malori. Nakiri hilo lilikuwa jambo kubwa, na wanaolibeza sidhani kama wamewahi kukaa na mavuno yasiyo na mteja.

Sasa tuje kwenye ndege.

Tanini ndiyo inayoufanya mtama wa kahawia uwe mchungu. Ndege akiwa na pa kwenda, huuacha. Ukiondoa tanini umempendeza mpika bia na umempendeza kwelea pia, maana wote wawili wanatafuta punje ile ile. Kwelea hawaji mmoja mmoja. Wanashuka kama wingu, na shamba lisilo na mtu linaweza kubaki mabua kabla ya saa sita mchana. Kwa hiyo tangu punje zinapotia maziwa hadi siku ya kuvuna, lazima mtu awe shambani kuamia, yaani kufukuza ndege, kuanzia mapambazuko hadi jua lizame, na kombeo, debe au sauti yake tu. Mtu huyo ni nani? Mara nyingi ni mama, nyanya, au mtoto ambaye angepaswa kuwa darasani.

Angalia hesabu zinazosomwa kwenye semina za kilimo biashara. Utakuta mbegu, mbolea, palizi, uvunaji, kupura na magunia. Kuamia mara nyingi hakumo, kwa sababu jasho la familia halina risiti. Kumbe hiyo ndiyo gharama iliyoletwa na uchaguzi wa kiwanda hasa. Kama mnunuzi anataka punje nyeupe, bei ya kilo inapaswa kubeba zile wiki za kuamia. La sivyo, bia hiyo ni nafuu kwa sababu nyanya wa mtu amesimama juani bila malipo.

Kisha ikaja kodi. Mwaka 2013 serikali ilipunguza msamaha wa ushuru wa bia hiyo ya pipa kutoka asilimia 100 hadi 50. Bei ikapanda, wanywaji wakaikimbia, mauzo yakaporomoka, na mahitaji ya mtama yakaporomoka nayo. Kiwanda kiliumia, sikatai. Lakini kiwanda kilikuwa na bia nyingine za kuuza, na kilikuwa na watu wa kwenda Hazina kujieleza. Mkulima wa Tharaka alikuwa na magunia ghalani. Hazina walikuwa na sababu zao za kutafuta mapato, lakini mbegu iliyokwisha kuota haiwezi kusubiri sheria ijayo ya fedha. Mwaka 2015 msamaha ulirudishwa hadi asilimia 90. Kisha ukaja uwekezaji wa shilingi bilioni 15 wa kufufua kiwanda cha Kisumu, kilichoanza uzalishaji 2019, na wakulima wa Siaya, Busia, Homa Bay na Migori wakahimizwa nao kupanda mtama.

Waswahili walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kiwanda cha Kisumu kimesifiwa sana, na nyingi ya sifa hizo ni za haki. Swali langu ni kama kwenye mikataba ya wakulima wa magharibi kuna mstari hata mmoja unaosema nini kitatokea siku ushuru ukibadilishwa tena. Ushuru wa pombe Kenya huguswa mara kwa mara, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba hatari hiyo haikutarajiwa. 

Huko huko magharibi kuna funzo lingine ambalo wapenzi wa sekta binafsi hulipita haraka. Adui wa mtama na mahindi kule ni kayongo, gugu lenye maua ya zambarau linalofyonza mizizi ya nafaka. Njia mbili zilibuniwa. Moja ni mahindi yaliyoitwa Ua Kayongo, yanayostahimili dawa ya magugu, ambayo mbegu zake hupakwa dawa hiyo kabla ya kupandwa. Ilitokana na kazi ya CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, KARI, kampuni ya kemikali ya BASF na wengineo. Nyingine ni vuta-sukuma, iliyobuniwa na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita pamoja na KARI na watafiti wa Rothamsted, Uingereza: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa katikati ya mistari ya nafaka, na majani ya napia pembeni mwa shamba. Desmodiamu huzuia kayongo na kufukuza nondo wa viwavi vya mabua, napia huwavuta nondo hao, na mimea yote miwili ni chakula cha ng'ombe.

Ya kwanza inauzwa kwa pakiti kila msimu. Ya pili ukishaipanda inakaa shambani miaka kadhaa. Huhitaji kuwa mchumi kujua ipi itapata kampuni ya kuitangaza redioni. Siilaumu kampuni kwa kutafuta faida. Ninailaumu serikali inapopunguza pesa za utafiti wa umma kwa matumaini kwamba viwanda vitaziba pengo. Vitaziba sehemu yenye faida tu. Nyingine itabaki wazi.

Kwa hiyo mkataba ujao wa mtama ukitiwa saini mbele ya kamera, ningependa kuona mambo ambayo hayapendezi kwenye picha. Kuwe na bei ya chini kabisa ambayo mnunuzi ataiheshimu hata soko la bia likianguka, na mfuko wa fidia ambao kiwanda, kaunti na Hazina wanachangia, kwa kuwa wote watatu wanavuna kutokana na mtama huo. KALRO wapewe fedha za kuendelea na mtama wa uji na ugali, ule ambao hakuna mpika bia anayeuulizia, ili mkulima awe na soko la pili. Na kaunti zinazotenga pesa za mbegu zitenge pia mshahara wa watu wazima wa kuamia, hasa wakati shule zimefunguliwa.