Mjomba, Chumvi na Dhahabu Iliyohama

Wazee wa maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, huko Geita watakwambia dhahabu ina akili, ukiikosea adabu inahama, leo mwamba umejaa kesho mnapandisha mawe matupu. Mjomba wangu kachimba miaka mingi kabla hajarudi Mwanza kufungua kibanda cha miamala ya simu pale Buzuruga, na hiyo imani hakuiacha shimoni, alirudi nayo nzima nzima. Sa we fikiria mtu wa hivyo, halafu mpwa wake anashuka kutoka chuo Dar na dhahabu kwenye chupa.

Mi nasoma kemia, na shule moja ya sekondari maeneo ya Igoma iliniomba nikawaonyeshe wanafunzi kitu cha kuwachangamsha, ndo nikaja na chupa mbili. Ya kwanza ilikuwa rangi ya damu ya mzee, ndani mna chembe za dhahabu za kama nanomita 15, ndogo kiasi kwamba ukizipanga 1000 kwenye mstari hujafika unene wa unywele. Dhahabu ikiwa ndogo hivyo haina unjano tena, ukiitia kwenye maji unaona wekundu, na wala sio habari ya juzi, mwanasayansi Faraday alitengeneza huko London miaka ya 1850 na baadhi ya chupa zake ile taasisi ya sayansi ya Royal Institution wanazo mpaka leo. Ya pili ilikuwa kachupa kadogo ka zambarau nimekaviringisha foili, hako ndo kalikuwa staa wa onyesho, ntakarudia.

Nimefika usiku, shikamoo marahaba, tukala sato na ugali wa udaga, binamu akauliza begi mbona nalibeba kama mtoto mchanga, nikasema lina dhahabu. Mjomba akaacha kutafuna. Hakuuliza kitu, akameza, akaendelea kula taratiiibu.

Alfajiri naamshwa na harufu ya mkaa. Natoka uani namkuta mjomba na jirani yake, mzee mmoja walichenjua naye zamani, wamechuchumaa kwenye jiko, chupa yangu imeshamiminwa kwenye sufuria ya chai na jirani ana pakiti ya chumvi mkononi. Zebaki, ile wachimbaji wanayonasia dhahabu, walikosa, aunti aliipiga marufuku nyumbani kwake siku nyingi, Mungu ambariki yule mama. Sasa jirani akawa ametoa ushauri kwamba chumvi nayo inaweza "kuikata" dhahabu ikaachana na maji, na kabla sijafungua mdomo kijiko kikazama.

Aisee. Nyekundu ikawa zambarau, zambarau ikawa bluu, palepale tunaangalia. Kwangu mi ni kitu cha kawaida kabisa, zile chembe hazigusani kwa sababu kila moja imevaa chaji hasi ya sitreti, kitu kinachotokana na asidi ya limau, zinasukumana, ukitia chumvi zile chaji zinafunikwa, zinakosa nguvu ya kusukumana zinagandana, na dhahabu iliyogandana inameza mwanga wa aina nyingine ndo unaona bluu. Ila mjomba aliona kingine.

"Imehama," akasema kwa sauti ya msibani. Jirani akavua kofia.

"Mjomba haijahama, imo humo humo."

"Ng'wanawane, mwanangu, mi nimechimba wewe hujazaliwa. Hiyo imehama. Nani hapa kaamka na kinyongo?"

Wakaanza kutafutana wenyewe kwa wenyewe, mara jirani anadaiwa hela ya bati tangu mwaka jana, mara mjomba alimnunia kwenye msiba, mara wote wawili wamegeuka wanamtazama kuku mweupe wa aunti kwa jicho ambalo kuku yeyote mwenye akili angelielewa. Nikakimbilia ndani kuokoa begi, nikakuta limefunguliwa. Kumbe binamu naye kashapeleka kale kachupa kadogo uani kwa mlango wa nyuma, foili imechanwa, na mjomba kachomoa ile tochi ya kukagulia noti feki, maana yeye chochote chenye thamani lazima akimulike kwanza.

Hapa niwaeleze kidogo. Kwenye kale kachupa kila chembe imevishwa molekuli za sikilodekstrini, yaani glukosi 6 zimeshikana duara ikawa kama kikombe kisicho na kitako. Halafu kwenye maji kuna vijiti vyenye azobenzini, molekuli inayobadili umbo ikipigwa mwanga, kwenye ncha zote mbili. Azobenzini ikinyooka inaingia kikombeni inatulia, kwa hiyo kijiti kimoja kinashika chembe mbili, chembe zinasogeleana, unaona zambarau. Ukiipiga ultravaioleti inajikunja, haienei tena, inatoka, chembe zinaachana na wekundu unarudi. Ukiipa mwanga wa bluu inanyooka inaingia tena. Kazi ya molekuli kupokea molekuli nyingine ndani yake ndo iliyowapa wanakemia Pedersen, Cram na Lehn Nobel ya mwaka 1987, ila sidhani kama kuna aliyewahi kuijaribu uani Buzuruga saa kumi na moja alfajiri.

Na tochi ya noti feki ni ultravaioleti.

Mjomba akamulika, akamulika, mtu hachoki, mpaka zambarau ikaanza kulegea ikaja nyekundu. Alipiga yowe mtaa mzima ukaamka. "IMERUDI!" Watu wakajaa, mama wa vitumbua kaacha mafuta motoni, boda wamepaki njiani, na kwa kuwa bado kulikuwa na giza kila mtu kawasha taa ya simu arekodi. Sasa zile taa nyeupe za simu zina bluu nyingi. Mi naona kabisa kinachokuja na sina la kufanya, kachupa kako juu mkononi kwa mjomba, taa kibao zinakapiga, kidogo kidogo kanarudi zambarau.

"Inahama tena! Zimeni simu, mnaitisha!"

Ikabidi nipande juu ya ndoo nieleze. Nikasema ndugu zangu hakuna uchawi hapa, hivi ni vikombe vidogo sana vimetengenezwa kwa wanga. Basi. Aunti alibeba kuku wake akaingia ndani akafunga mlango, na mama wa vitumbua yuko nyuma yake.

Igoma niliwahi na kachupa kangu, wanafunzi walifurahi, huko hakuna cha kusimulia. Jioni narudi nakuta jirani kakaa kwenye benchi la kibandani anadai theluthi yake, eti walikubaliana kabla ya chumvi. Nikamwambia mzee wangu, chupa nzima ile dhahabu yake ni kama miligramu 5, hata umpate mnunuzi mwenye huruma hiyo hela hununui sato mmoja pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Akasema yeye hajauliza uzito, kauliza theluthi. Mjomba kwa hasira akavuta droo akatoa noti ya elfu moja akamtupia. Jirani akaiokota, akaikunjua vizuri, akaigeuza huku na huku, halafu akanyoosha mkono kuazima ile tochi.