Chumvi haina molekuli, na mtoto alikuwa sahihi

Juzi mpwa wangu alinionyesha karatasi yake ya mtihani wa kemia. Aliulizwa chumvi ya mezani imeundwa na chembe gani, akaandika: "Ioni za sodiamu na ioni za kloridi. Chumvi haina molekuli." Kosa, kwa wino mwekundu. Pembeni limeandikwa jibu lililotakiwa: molekuli za NaCl, yaani sodiamu moja na kloridi moja zilizoshikana. Akaniuliza, "Mjomba, kwa hiyo nikariri hivyo?" Swali hilo limeniuma hadi leo.

Maji yana molekuli, hilo halina ubishi. Haidrojeni mbili na oksijeni moja zimeshikana, na hata maji yakichemka yakawa mvuke, zinaondoka pamoja vilevile. Chumvi haiko hivyo; yenyewe ni ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme. Ndani ya punje yake kila ioni ya sodiamu imezungukwa na kloridi sita, na kila kloridi imezungukwa na sodiamu sita: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, mpaka ukingo wa fuwele. Sasa, katika hizo sita, mwenzi wa sodiamu hii ni ipi? Hakuna. NaCl inatuambia tu kwamba idadi ya ioni za aina hizo mbili ni sawa. Itie chumvi majini, kila ioni itashika njia yake huku imezingirwa na molekuli za maji. Hakuna jozi iliyovunjika, kwa sababu jozi haikuwapo.

Si habari mpya hii. Mwanafizikia Lawrence Bragg aliionyesha mwaka 1913 kwa kutumia eksirei. Nakubali kwamba ni ngumu kumeza: Henry Armstrong, mkemia mkongwe wa Uingereza, mwaka 1927 alikuwa bado anaandika kuipinga kwa hasira. Kama ilimshinda yeye, mwalimu aliyefundishwa vibaya simlaumu sana. Lakini mtoto kukatwa alama kwa kuupokea ukweli, hapana.

Na ile sentensi nyingine ya darasani, kwamba atomu haigawanyiki, nayo iachwe. Mwanafizikia J. J. Thomson aligundua elektroni, chembe iliyo ndani ya atomu, mwaka 1897. Walimu, semeni kwamba ukiipasua atomu ya dhahabu, unachobaki nacho si dhahabu tena; mtoto yeyote ataelewa.

Wapo watakaosema anayeanza apewe kilicho chepesi. Sawa, apewe. Ila "kampaundi nyingine, kama maji, zina molekuli, nyingine, kama chumvi, zina ioni" ni sentensi fupi, haimlemei mtu, na haitamlazimu kufuta kichwani alichokiamini miaka mitatu.

Nilimwambia asilifute jibu lake. Tukaketi tukachora fuwele ya chumvi, sodiamu, kloridi, sodiamu, kloridi, safu juu ya safu. Alichora mpaka karatasi ikaisha, na ukingoni bado kulikuwa na sodiamu iliyokosa kloridi yake ya kulia. Akaenda kutafuta karatasi nyingine.